Zipu ya Mgongoni

Suti ya kuzamia niliinunua Karatina, kwa muuza mitumba aliyekuwa akiitangaza kama nguo ya boda boda. Alikuwa ameiinua juu ya rundo la makoti, nyeusi tii, yenye mikono na miguu, akiipiga makofi kifuani ili wateja wasikie unene wake.

"Mathe, hii mvua haipiti," akaniambia. "Nunulia kijana yako wa boda boda. Baridi ya Kiganjo hii inamaliza kabisa."

Nikamwambia sina kijana wa boda boda, nina msichana, na msichana wangu huvaa nguo kama hiyo kazini kila siku.

"Kwani anafanya kazi gani?"

"Anaingiza watu ndani ya bahari."

"Ati nini?"

"Anawaingiza, halafu anawatoa."

Alinitazama juu hadi chini, akanipunguzia bei kabla sijafungua mdomo kuomba. Nadhani alinihurumia. Mama wa makamo, kitambaa kichwani, amesimama Karatina akizungumza habari za bahari.

Mimi ni fundi wa kushona. Nina kibanda mjini Nyeri, nashona sare za shule, na nyumba yangu iko upande wa Kiganjo, mahali ambapo ukungu ukiingia asubuhi huoni zizi la jirani. Mume wangu alifariki miaka kadhaa iliyopita. Mtoto tulijaliwa mmoja tu. Alikwenda Pwani kusomea mambo ya hoteli, akawa anawaona watu wakijitupa kutoka kwenye mashua na mitungi ya hewa mgongoni, akaacha jikoni akawafuata. Huyu ni mtoto aliyekuwa akipiga mayowe nikimwosha nywele kwenye karai. Sasa ni mwalimu wa kuzamia.

Nilijivuna sana, tena kwa muda mrefu, kabla sijaelewa maana yake. Maana yake ni kwamba Disemba, kila mtu anaporudi nyumbani, ndipo wageni hujaa huko kwake, na yeye harudi. Kwa jirani wanachinja mbuzi, magari ya Nairobi yanajaa uani, watoto wanapiga kelele mpaka kuku wangu wanagoma kutaga. Kanisani wanawake wenzangu wananisalimia kwa swali moja.

"Na wako amekuja?"

"Ako kazini."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Krismasi iliyopita nilijipikia chapati. Mikono yangu haijajifunza kupikia mtu mmoja, kwa hivyo nilipika za ukoo mzima, nikala mbili, nikazifunika zilizobaki kwa kitambaa. Nilizila siku nyingi baada ya hapo, nikizipasha moto na chai, na kila nikiinua kile kitambaa nilikuwa najisikia vibaya upya.

Basi Januari akanipigia simu. "Mami, Disemba mimi siwezi kuja, lakini wewe unaweza. Kuja nikuingize kwa maji." Alikuwa anatania. Mimi sikuuchukulia kama utani. Nilimwuliza papo hapo mtu huvaa nini.

Alisema nisinunue chochote, wana vifaa vya kuazimisha wageni, kila saizi. Lakini mtoto huyo huyo aliwahi kuniambia, akicheka, kwamba wageni wengine hukojoa ndani ya zile suti wakiwa chini kwa sababu ya joto wanalolipata. Mambo kama hayo usimwambie fundi wa nguo. Mitumba ya Karatina angalau niliiosha mwenyewe, nikairudia, nikaisuuza mpaka maji yakatoka jinsi yalivyoingia.

Na kuna sababu nyingine. Disemba ilikuwa mbali, na ahadi ya simu huwezi kuitundika ukutani. Suti niliitundika kwenye mlango wa chumba cha kulala. Nikiamka nilikuwa naiona, najua nitakwenda.

Tatizo ni kwamba niliichagua kwa macho ya kazi yangu. Maisha yangu yote nimeshona sare za kukua nazo. Mzazi wa huku akikuletea mtoto umpime, anakuambia uongeze, na wewe unaongeza, kwa sababu mtoto atarefuka na kwa sababu Julai atavaa sweta mbili ndani. Kwa hivyo kwenye lile rundo palikuwa na suti mbili, na mimi, mwenye akili zangu, niliacha iliyonikaa nikachukua kubwa zaidi. Nilihesabu kwamba sweta itaingia. Binti yangu aliponiona kwenye simu nimeivaa, alicheka mpaka simu ikamponyoka.

"Mami, hiyo inafaa kukushika kama ngozi! Maji inaingia kidogo, mwili inaipasha moto, inakaa hapo. Ikiwa kubwa, maji inaingia na kutoka tu. Utakuwa umevaa mto wa maji!"

"Na sweta?"

"Mami. Hakuna sweta."

Mapezi ya kuogelea, yanayovaliwa miguuni, nayo nilikuwa nimeyapata mjini kwa mtu wa mitumba, na nayo niliyapima kama gambuti, nikiacha nafasi ya soksi nzito. Akacheka tena. Nikamwambia acheke tu, mimi ndiye niliyemshonea sketi yake ya darasa la kwanza, akaivaa hadi la nne.

Nilitoa suti mlangoni nikaipeleka kibandani. Mpira ule wa suti una ukaidi. Sindano ya kawaida inavunjika. Nilitumia sindano ya ngozi na gundi ya mafundi viatu, nikapunguza ubavuni, makalioni, mikononi. Vipande vilivyobaki nilivishona vikawa soksi, na mapezi yakanikaa sawasawa. Wateja walikuwa wakiuliza nashona nini. Nilisema ni sare.

Miwani ndiyo niliyoipenda kuliko vyote. Si miwani kama ya kusomea. Ni kioo kinachofunika macho pamoja na pua, na ukingo wa mpira laini unaokaa usoni. Binti yangu alinionya kwamba hapo nisifanye mchezo, kwa sababu miwani isiyo ya uso wako itakuingizia maji hata uikaze namna gani. Niliona tangazo kwenye simu: mama mmoja mzungu wa Nanyuki alikuwa anahama, anauza vitu vya nyumba. Nilikwenda. Alikuwa amevipanga kwenye nyasi, viti, sufuria, matandiko ya farasi, na sanduku moja la vitu vya kuzamia vya familia yake.

Alizungumza Kiswahili kilekile chetu cha huku juu. "Usifunge kamba," akaniambia. "Weka kwa uso tu. Vuta pumzi na pua. Sasa achilia mikono."

Ya kwanza ilianguka. Ilikuwa ya mume wake. Ya pili ilishika upande mmoja, upande wa pili hewa ikapenya kando ya shavu langu. Ya tatu nilipovuta pumzi ilininasa, nikaachilia mikono na haikusogea. Nilisimama pale, mlima umejianika mbele yangu bila wingu, uso umeshikwa na kioo, siwezi hata kupumua kwa pua, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu.

"Hiyo ilikuwa yangu," akasema yule mama. Kisha akaniuliza nitazamia na nani.

"Na msichana wangu."

"Basi uko na bahati," akasema, akarudi kupanga vijiko.

Mtungi wa hewa na mipira yake sikununua, hata mimi nina mpaka wangu. Lakini binti yangu alinionyesha vyake kwenye simu, akaweka kimoja kimoja mbele ya kamera. Kuna kidude cha kuuma mdomoni unachopumulia. Halafu nikaona cha pili, cha manjano, kinaning'inia kifuani.

"Hicho cha nini? Uko na mdomo ngapi?"

"Hicho si changu, Mami. Ni cha mwenye niko naye. Yake ikiisha, anapumua yangu. Huwezi kushuka bila mtu, na huwezi kushuka bila hicho."

Nilimwuliza tena, ingawa nilikuwa nimesikia. Nilitaka arudie. Usiku ule nilipolala nilikuwa nawaza kile kidude cha manjano, kwamba Disemba kitakuwa kinaning'inia kwa ajili yangu.

Halafu ikaja Julai, na ile mvua yetu ya manyunyu isiyonyesha wala kuacha. Kuni zilikuwa mbichi. Jumapili moja niliporudi kutoka kanisani nyumba ilikuwa baridi kuliko nje, nikaitazama suti pale mlangoni, nikasema kwani nani ananiona? Nikaivaa.

Hapo ndipo niliposhughulika na zipu yake kwa mara ya kwanza ikiwa imenibana. Iko mgongoni, kutoka kiunoni hadi shingoni. Na zipu ya mgongoni kwangu ina historia. Wakati mume wangu alipokuwa hai, magauni yangu yote ya kanisani yalifungwa nyuma. Kila Jumapili nilikuwa namwendea na kumgeuzia mgongo, naye anafunga, na vidole vyake vilikuwa vya baridi kwa sababu alikuwa ametoka kukamua. Nilikuwa namgombeza. Kila Jumapili namgombeza, na kila Jumapili ananiambia basi nitafute fundi anishonee zipu ya mbele. Alipokufa, Jumapili ya kwanza niliyorudi kanisani nilikaa kitandani na gauni limefunguka nyuma, nisijue la kufanya. Nililala hapo hapo. Wiki ile nilifumua magauni yote, nikahamisha zipu zikaja ubavuni. Nilifanya kazi safi; hakuna aliyejua.

Sasa suti hii ilikuwa na kamba. Kamba ndefu iliyoshonewa kwenye zipu, inashuka hadi chini ya makalio. Unaivuta juu ya bega, zipu inapanda yenyewe, umefungwa. Niliivuta mara moja tu. Yeyote aliyeibuni alijua watu kama sisi tupo.

Nikaketi sebuleni nimevaa suti ya kuzamia, soksi zangu za mpira miguuni, nikanywa chai. Joto lilikuwa zuri ajabu. Nilikaa hivyo mpaka jioni, redio ikiimba nyimbo za dini, na mwanzoni nilikuwa najicheka. Baadaye kicheko kilikwisha, kwa sababu niligundua nilikuwa nasubiri mtu abishe, anikute hivyo, tucheke pamoja. Hakuna aliyebisha. Ningeweza kuvaa vile wiki nzima.

Novemba akanipigia. "Mami, kuna kitu nataka kukuambia na usikasirike."

Nilikasirika hapo hapo.

Kuna familia ya wageni, akasema, wamekuja miaka yote, wamemtaka yeye na si mwingine, na mwenye kazi amekubali. Wamemchukua wiki yote ya Krismasi. "Lakini nimekuongelea kwa mwenzangu. Ni mpole sana. Atakushika mkono mpaka chini na mpaka juu."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Kwa boti ingine. Lakini asubuhi tutakuwa wote hapo kwa mchanga tukijitayarisha. Na jioni nikimaliza."

"Jioni utakuwa umechoka."

"Mami."

"Sawa."

"Umekasirika."

"Nimesema sawa."

Nilikuwa na sare za kumaliza, na sikumaliza hata moja. Niliwaonea wivu wale watu. Nasema wazi, niliwaonea wivu mkali, watu ambao sijui sura zao, ambao wana Krismasi yao kwao na bado wamekuja kuchukua yangu. Kile kidude cha manjano kitakuwa kinaning'inia mbele yao. Mimi nitashikwa mkono na mtoto wa watu, mpole, naye nina hakika ana mama yake mahali fulani anayepika chapati. Nilifikiria kutokwenda. Nilifikiria hata kumrudishia yule wa Karatina suti yake aiuze kwa watu wa boda boda.

Jioni niliitoa mlangoni niikunje. Kamba ikaburuta sakafuni. Niliishika nikaiangalia palipoungana na zipu, mshono wa mashine, imara, umerudiwa mara mbili. Nikakumbuka aliyoyasema binti yangu: asubuhi tutakuwa wote hapo mchangani.

Mkasi ulikuwa mezani. Sikuikata, maana ukiikata kinabaki kipande cha kushikia. Niliufumua ule mshono polepole, uzi kwa uzi, jinsi nilivyofumua magauni yangu wakati ule, mpaka kamba ikatoka nzima mkononi. Nimeiweka kwenye kopo la vifungo. Tiketi nimekata, miwani nimeifunga ndani ya kitambaa cha kichwa isikwaruzwe.

Pale mchangani nitaivaa suti mpaka mabegani na nitasimama mgongo wazi, hata boti zikipiga honi. Yule mwenzake mpole akija kunisaidia nitamwambia asante mwanangu, kuna mtu namngoja.