Shangazi Kengele na Mteremko wa Shule

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa. Hapana, nakosea: sabini na tisa ulikuwa umri wake. Mwaka wenyewe ulikuwa wa tisini na sita. Nakumbuka kwa sababu ndio mwaka niliong'olewa magego mawili, na siku ile nilicheka huku nimeshika shavu kwa maumivu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa fundi baiskeli. Mtaa mzima ulimwita Kengele, maana ulimsikia kabla hujamwona. Chumba chake cha mbele kilikuwa karakana: baiskeli zimening'inia darini, beseni la maji ya kutafutia matundu ya tyubu, mikebe ya gundi, spoki zimesimama ndani ya jagi. Chumba cha nyuma kitanda, na chini ya kitanda tairi.

Baiskeli aliijulia barabarani. Akiwa na miaka kumi na saba alitoroka nyumbani, amekaa kwenye keria ya baiskeli ya mnoa visu, mume wake wa kwanza. Kilima cha kwanza tu, bwana akahema, akashuka, akaanza kusukuma. Shangazi akamwambia, "Hebu nipishe." Tangu hapo yeye ndiye aliyeendesha, mume nyuma na jiwe lake la kunolea. Walizunguka hivyo miaka mitatu, mpaka mume akachoka kuchekwa, akaondoka kwa miguu, baiskeli akaiacha. "Aliniachia kilicho bora," Shangazi alikuwa akisema.

Mume wa pili alikuwa tarishi wa posta. Alipougua, Shangazi akavaa kofia yake akagawa barua miezi miwili. Watu walijua, nani asiyejua? Lakini barua zilifika asubuhi badala ya jioni, wakanyamaza. Malalamiko yalianza siku tarishi aliporudi kazini! Huyo aliishi naye miaka thelathini na moja, akamzalia watoto wawili, akamzika, akamlilia hadi sauti ikamkauka, kisha akafungua karakana. Mwaka mmoja mto ulifurika, akampakia mkunga kwenye keria akavuka daraja ambalo polisi walilifunga. Polisi anamkimbiza, yeye anampigia kengele. Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa ni mwalimu mkuu, na kila siku huchelewa kazini.

Basi, tisini na sita. Mwanawe mkubwa, ambaye tulimwita Meneja kwa kuwa alisimamia ghala la saruji, alikuja Jumapili asubuhi na gari la mizigo. Ameshaamua: mama anahamia kwake, ghorofa ya nne. Dada yake, muuguzi, ameshapanga nguo za mama sandukuni. Mimi nimeitwa kushika upande mmoja wa kitanda.

"Mama, mwaka huu umeanguka mara mbili," Meneja alisema.

"Mara nne. Mbili hukuambiwa."

"Sasa je!"

"Na nimeinuka mara ngapi?"

Muuguzi akaingilia kwa upole. "Mama, kule kuna roshani. Utakaa, utapigwa na upepo."

"Kwani mimi nguo, mnianike?"

Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni. Shangazi akakitazama kitambi cha mwanawe, akakitazama vizuri. "Mwanangu, mwenye nguvu ni wewe, siyo? Basi nishinde. Tutoke mlango huu, tupande kilima cha shule, tuteremke hadi mashine ya kusaga. Ukitangulia, nitapanda gari lako mwenyewe bila kushikwa mkono. Nikitangulia mimi, sanduku lifunguliwe, na habari ya roshani nisiisikie tena."

"Mama! Nina miaka hamsini na tano!"

"Pole, baba. Nikuache utangulie kidogo?"

Mlango mzima ukaangua kicheko. Meneja akavua saa, akanipa, akachagua baiskeli mpya kuliko zote. Shangazi akaomba dakika tano avae viatu, akaenda nyuma na baiskeli yake ya zamani.

Muuguzi na mimi tuliwafuata kwa gari. Kwenye kilima Meneja aliongoza, ulimi nje, shati limelowa. Juu kabisa, mbele ya lango la shule, alikuwa amemwacha mama yake hatua thelathini. Akageuka akatabasamu. Mteremko ulipoanza alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: akashika breki.

Shangazi akampita. Gauni limejaa upepo, miguu ameinyanyua kutoka kwenye pedali kama msichana, kengele inalia bila kupumzika. Mbuzi wakaruka mtaro. Muuza ndoo akazikumbatia ndoo zake.

"Mama, breki! Breki, mama!"

"Pisha!"

Akaupita mlango wa mashine ya kusaga, akaingia mzima mzima kwenye lundo la pumba. Wingu likapanda. Kengele ikakoma. Muuguzi akasimamisha gari katikati ya barabara, nami nikaanza sala ambayo nilikuwa nimeisahau nusu.

Halafu, ndani ya pumba, kring kring.

Tukamchimbua. Muuguzi anamkagua mifupa, yeye anamsukuma. "Niache! Nani wa kwanza?"

Meneja akafika akikokota baiskeli, mnyororo umetoka. Akasimama mbele ya mama yake, akachomoa pindo la shati, akampangusa pumba machoni.

"Ni wewe, mama," akasema. Na sanduku alilirudisha ndani mwenyewe, akazitundika nguo moja moja.

Shangazi aliishi miaka saba zaidi katika vyumba vile viwili, akafia kitandani kwake, juu ya tairi zake.

Lakini mchana ule ule wa mashindano nilichukua baiskeli yake ninyooshe gurudumu. Haikuwa na breki, mbele wala nyuma. Hazikukatika, zilifunguliwa kwa spana, skrubu zimefungwa vizuri katika karatasi juu ya meza ya nyuma. Kwa fundi, dakika tano zinatosha. Nilimuuliza, akaniambia ninywe chai, inapoa. Siku ya mazishi nilimuuliza Meneja, akacheka, kisha akalia. Muuguzi anasema niwaache waliolala. Sasa nami nimeufikia umri wake, na bado nauliza: Shangazi, ulizitoa ili ushinde, au ili ukishindwa usisimame, upite tu uende zako?