Ufukwe Niliopima Wakati wa Mwezi

Ramani ya kwanza ya Bustani ya Urafiki niliichora mimi, kwa mkono wangu, ndani ya nyumba niliyoijenga mtaa wa Katubuka bila kumwomba mtu tofali. Ninaanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakiipita bustani husema imejengwa na wageni. Wageni walileta fedha na mabenchi. Wazo lilikuwa langu.

Niliondoka Ujiji nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Nilifikia mji mdogo wa ng'ambo ulio kando ya ziwa kama wetu, ila ziwa lao lina baridi ya kukata vidole. Mchana nilifagia majani katika bustani za mji, jioni nilisoma. Nilirudi baada ya miaka kumi na mmoja na stashahada ya upimaji ardhi. Iko ukutani sebuleni, mahali ambapo anayeingia huiona kabla ya kuniona mimi. Wenzangu wengine waliorudi walikuja na magari. Gari huchakaa.

Kule wana desturi ya mji kujitafutia mji mwenzake wa mbali, wakaitana ndugu, wakatembeleana na kupeana mbegu, walimu na maarifa. Kabla ya kurudi nilimweleza bosi wangu, mama mmoja mrefu aliyesimamia bustani zote za mji ule, kwamba mji wake ulikuwa na ziwa lakini haukuwa na ndugu. Alicheka, kisha akaandika barua. Barua zikaenda na kurudi. Kwetu ikaundwa kamati ya urafiki, ikawa inakutana mtaa wa Mwanga katika chumba kilicho juu ya mafundi cherehani, na kila mjumbe alijifunza kupaza sauti kuzidi cherehani.

Ilikubaliwa kwamba kila mji utengeneze bustani kando ya ziwa lake na kuipa jina la mwenzake. Sisi tulitakiwa kutoa ardhi. Kamati ikanituma kutafuta kipande cha ufukwe kisichotumika. Sikushangaa kuchaguliwa. Hapakuwa na mwingine mwenye karatasi kama yangu.

Nilikwenda siku tatu mfululizo, asubuhi na alasiri, ili mtu asije kusema nilipima kwa haraka. Nilikuta mchanga mtupu, yangeyange wawili, jamvi kuukuu na miti michache iliyosimikwa bila kazi. Utotoni mwangu wanawake walianika dagaa upande wa pili wa mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, lakini ziwa lilipopanda maji yaliumeza upande ule. Nikahesabu kwamba kazi ile ilikuwa imekwisha au imehamia kwingine. Nikasimika vigingi vyekundu katika pembe nne, nikapiga picha, na katika taarifa nikaandika: eneo liko wazi, halina matumizi. Ilikuwa taarifa safi. Kule ng'ambo waliipitisha bila swali hata moja.

Hapa niseme habari za mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na dagaa wake ndio walionisomesha. Tangu nirudi nilikuwa nikimtembelea kila Jumapili nyumbani kwake, ananipikia ugali wa muhogo na migebuka kwa mawese, tunazungumza habari za ndugu. Kazini kwake sikuwahi kwenda. Nilidhani nimempumzisha kwa kumletea sukari na kanga. Yeye alipokea sukari na kanga, na kesho yake akaenda kuanika.

Miezi michache baadaye ujumbe wa watu sita ukafika, ukiongozwa na bosi wangu wa zamani. Jiwe la msingi lilikuwa limeshachongwa, na sherehe ilipangwa saa tisa alasiri. Lakini mtu wa bustani hasubiri sherehe. Saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kwangu amevaa buti, akitaka kuona udongo kabla haujakanyagwa na wakubwa. Nikampeleka nikiwa na furaha, nimekunja ramani kwapani.

Ufukwe ulikuwa mweupe. Kutoka kigingi hadi kigingi palikuwa na dagaa, wamemwagwa juu ya nyavu kuukuu, wanang'aa hadi macho yanauma. Wanawake wapatao thelathini walikuwa wakiwageuza kwa fagio za njiti. Mitumbwi ilikuwa bado inashusha. Katikati ya eneo langu, pale nilipochora duara la mabenchi, alikuwa ameinama mama mdogo. Pembe ya wavu wake alikuwa ameifunga kwenye kigingi changu.

Bosi aliniuliza kama tumepotea njia. Nilisema hapana, ni hapa.

Nilimwamkia mama mdogo shikamoo, akaitikia bila kuinua mgongo. Nilimuuliza tangu lini wanaanika pale. Akasema tangu maji yalipowafukuza kule. Nilimwambia mimi nilikuja siku tatu nzima na sikuona mtu. Hapo ndipo aliposimama, akaniangalia mimi, akaangalia ramani, akaangalia kigingi.

"Kwa hiyo vijiti hivi ni vyako," alisema. "Sisi tulidhani ni vya watu wa mabomba ya maji. Ulikuja lini, mtaalamu?"

Nikamtajia wiki. Hakuhitaji kufikiri.

"Mwezi ulikuwa mpevu. Mwezi ukiwaka, dagaa hawafuati taa, na mitumbwi hailali ziwani. Mtoto wa Ujiji unasahau hilo? Wewe hukupima ufukwe, baba. Ulipima mwezi."

Wanawake wa karibu walicheka. Mmoja alisema kwa Kiha jambo kuhusu elimu yangu, na wakacheka tena.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesahau. Katika mji ule wa ng'ambo taa za barabarani ziliwaka usiku kucha na mwezi ulikuwa pambo tu. Sikumbuki hata mara moja niliyouangalia kwa sababu ya kazi. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba mwezi una siku za giza, ambazo watu hupata kitu, na siku za mwanga, ambazo hushona nyavu na kulala. Nami nilijua, kabla sijajua mengine.

Bosi alitaka kujua mama mdogo anasema nini. Mkalimani nilikuwa mimi peke yangu. Nilimwambia kwamba mama yangu mdogo anamkaribisha Ujiji na anafurahia bustani. Bosi akatabasamu, akainamisha kichwa kwa heshima.

Mama mdogo hajui hata neno moja la lugha ile. Lakini aliona tabasamu.

"Sikusema la kumfurahisha," aliniambia kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia zamani nilipoficha ripoti ya shule. "Mwambie nilichosema. Mkiweka mabenchi hapa, mimi nitaanika wapi?"

Nikamwambia bosi yote, pamoja na habari ya mwezi. Ilinichukua muda, kwa sababu ilinibidi nianze na dagaa na taa na giza, na nimalizie na mimi. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaokota dagaa mmoja aliyekauka, akamtafuna taratibu, akasema kwamba kwao hakuna mtu ambaye angejenga benchi juu ya tanuri la mwoka mikate. Akamuuliza mama mdogo, kupitia kwangu, nini kingemfaa. Safari hii nilitafsiri neno kwa neno. Mama mdogo alisema chanja: miti iliyoinuliwa kutoka chini na wavu juu yake, kwa sababu dagaa wenye mchanga huuzwa kwa bei ya mchanga, na mvua ikija ghafla huwa hawana pa kuwaweka. Akaongeza kwamba siku za mwezi ufukwe haumzuii mtu. Wageni wakitaka kukaa hapo, waje na majamvi yao.

Tulitoka pale hadi Mwanga. Kamati ilikuwa imeshavaa suti. Mwenyekiti, mzee mstaafu anayeheshimika, alinisikiliza na kusema kwamba wanawake wanaweza kusogea, ziwa ni refu. Kwamba hati zimeshasainiwa na jiwe limechongwa.

Nilimwambia ramani ile ina sahihi moja ya kitaalamu, nayo ni yangu, na ninaiondoa.

"Kijana, unatutia aibu mbele ya wageni," alisema.

"Mzee, aibu nimeibeba tangu asubuhi. Ninachokataa ni kuiwekea sahihi."

Chini cherehani ziliendelea. Wajumbe walitazamana, kisha wakamtazama bosi, ambaye alisema tu kwamba mji wake hautatoa fedha kwa ramani isiyo na mpimaji. Nimesikia watu wakisema stashahada ni karatasi. Siku ile karatasi hiyo ilizuia jiwe la msingi.

Alasiri ile hapakuwa na jiwe. Palikuwa na soda, hotuba fupi, na wageni sita wakifundishwa kugeuza dagaa. Waliwageuza vibaya, na wanawake wakawageuza upya.

Ramani ya pili niliichora wiki hiyohiyo, katika siku za giza. Mama mdogo alishika ncha moja ya utepe wa kupimia, mimi nyingine, na kila nilipoandika kipimo aliniuliza nimeandika nini. Bustani ilihamia kwenye mteremko wa mawe juu ya mwalo, ambako hakuna dagaa anayeweza kukauka, na sehemu ya fedha ilitengeneza chanja. Pembeni mwa ramani, chini ya tarehe, niliandika pia hali ya mwezi. Chuoni kwangu hawafundishi hivyo. Tangu siku hiyo sipimi ufukwe wowote bila kuandika hilo, na wapimaji wawili wa hapa wameniiga.

Kazi ilipokwisha nilianza kung'oa vigingi vyangu vya zamani. Vitatu vilitoka. Nilipofika kwenye cha nne, mama mdogo alikuwa bado amekifungia wavu.

"Hicho kiache," alisema. "Ulikisimika vizuri."