Kutwanga Kiingereza

Jirani yangu ameanika muhogo uliolowekwa, na ile harufu yake ya uchachu imenirudisha Kasulu, kwenye kinu cha nyumbani, jioni moja niliposhindwa kula. Kesho yake ningesoma Kiingereza mbele ya darasa, nami nilikuwa mtoto wa kuogopa sana kukosea. Sauti ya 'ship', yaani meli, ilikuwa fupi; ya 'sheep', kondoo, ndefu. Mimi nilizitamka zote kwa urefu mmoja.

"Zitwange," dada yangu alisema, akinipa mchi. "Ndefu, mchi ubaki juu. Fupi, uangushe."

Tulitwanga kondoo na meli mpaka unga wa muhogo ukalainika.

Darasani nilisimama nikasoma. Kumbe mikono yangu ilikuwa inapanda na kushuka.

"Jamani, anatwanga!" mtu akapiga kelele, na darasa zima likacheka.

Mwalimu alingoja watulie. "Unga wake umelainika," akasema. "Wenu bado. Haya, wote shikeni michi."

Mikono ikapanda kwenye kila dawati. Tulimshikilia yule kondoo, 'sheep', juu, kwa muda mrefu, na sauti yangu sikuisikia tena katikati ya sauti zao.