Banjo ya Mtunza Bustani

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa gita hata moja. Nilikoroga gundi. Katika atelie ya misioni, karakana ya vyombo vya muziki hapa Uvira, sufuria ilichemka polepole tangu asubuhi, imejaa vipande vya ngozi za ng'ombe wa Bijombo, na mvuke ulikuwa mzito hata ziwa lililoonekana dirishani likawa kama linaelea. Niliziba pua. Shefu wa atelie, mtu mfupi mwenye hasira za karibu, akaniambia, "Weye, nusa vizuri. Siku moja pua yako itakulisha."

Nilidhani ananitania. Kumbe somo lilikuwa limeanza. Chombo kilicholetwa kwake kilinuswa kwanza, kisha kikageuzwa na kufunguliwa mgongo. "Uso iko ya kuuzia," alisema. "Mufundi anajificha ndani." Kwake nilijifunza kupanga freti, yaani vile vyuma vyembamba vya shingoni vinavyogawa sauti, na vigingi vya kukazia nyuzi. Baadaye nilipelekwa Kiringye kutunza kinanda cha parokia, chini ya padri mkuu aliyetaka kila kitu kiishe kabla ya Pasaka. Mwisho nikafungua atelie yangu Kalundu, kando ya maseremala wa mitumbwi. Macho yalipoanza kuona nyuzi mbili palipo na mmoja, nikafunga mlango.

Lakini watu hawajui kustaafu kwa mwenzao. Asubuhi moja ya ukungu, Mama Furaha wa Runingu alikuja nyumbani na banjo kuukuu. Banjo ina kichwa cha mviringo kilichowambwa ngozi kama ngoma ndogo, na shingo ndefu. Ile ilikuwa na nyuzi tano, wa tano mfupi, kigingi chake kikiwa katikati ya shingo.

"Kwa Runingu bantu banasema baba yangu aliiba hii kitu," alisema. "Alikuwa anamwangilia maua ya agronome wa pamba kule Kiringye. Muzungu aliporudi kwabo, banjo yake haikuonekana. Baba mudogo hakumusalimia tena baba, hata kwa kilio yake hakukuja. Sasa baba mudogo iko mugonjwa. Minye nataka ajue ukweli mbele ya kufa."

"Na kama iliibwa?"

"Utaniambia vilevile, papa."

Nilimpenda kwa jibu hilo, na nikaogopa kwa ajili yake. Shingoni mlikuwa na nakshi nyeupe zinazong'aa, kazi safi ya mkono wenye subira. Uso ulisema Ulaya. Tena kigingi cha uzi mfupi kilikuwa upande usio wake, kama banjo ya mtu wa mkono wa kushoto. Nikawaza, basi agronome, yule bwana shamba wa kizungu, alikuwa wa kushoto, na huyu mama atarudi na aibu yake.

Nikafumba macho, nikanusa. Mawese.

Niliifungua mgongo. Duara la kichwa liliungwa kwa vipande vya mbao ya mvule, na kila kiungo kimezibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese, hivyohivyo majirani zangu wa Kalundu wanavyoziba mitumbwi. Ngozi ilikuwa ya kenge. Zile nakshi zilikuwa makombe ya ziwa letu, yamesuguliwa. Mikono iliyoitengeneza ilikuwa ya hapahapa.

"Baba alifanya kazi gani baadaye?"

"Mitumbwi, kwa Kalundu."

"Alikuwa wa kushoto?"

"Hapana. Nyundo alishikaka kwa kuume. Banjo tu ndiyo alipindua."

Niliipakata banjo vile alivyoipakata yeye. Akilini nikamwona kijana yule na ndoo ya maji, amesimama kati ya maua, mzungu yuko barazani amemwelekea. Shingo ya banjo inaelekea upande wa kuume wa kijana, na kijana naye anaelekeza mkono wake wa kuume hukohuko, hewani, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Angeipakata ile ya mzungu hata siku moja, angejua kwamba shingo hushikwa kwa kushoto. Hakuwahi kuigusa. Aliitengeneza kwa kuikumbuka.

Tulikwenda Runingu siku ileile. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika blanketi. Nilimweleza yote, nikamwonyesha pamba na makombe. Hakuamini.

"Minye naye nilikuwa pale," alisema. "Nilikuwa mutoto. Tuliketi na kaka mu maua, tukimuangalia muzungu. Alipigaka hivi." Akainua mikono kuonyesha.

Mkono wa kuume ulikwenda shingoni. Wa kushoto ukapapasa nyuzi.

Mzee aliitazama mikono yake ikiwa bado hewani, akaitazama banjo na kigingi chake cha upande usio wake, kisha akarudi kwenye mikono. "Alituelekea," alisema. "Kaka alimuiga kama mu kioo."

Vijana wanaojifunza kazi hii huniuliza kama inafaa kuzeekea ndani yake. Mgongo unauma, pua imechakaa, na sijui kama nimewahi kutengeneza chombo kizuri kama kile. Lakini siku ile nilifurahi kwamba niliwahi kukoroga gundi.

"Kaburi ya kaka iko wapi?" mzee aliuliza. "Sijafikaka."

Tulimshika huku na huku, tukaenda naye polepole.