Karatasi ya Mahudhurio Niliyoizungusha Mimi

Admin, ukishasoma ujumbe huu ufute namba yangu, na jina langu lisionekane popote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, Mnubi, nina watoto watatu, nauza nyanya na vitunguu kando ya barabara pale Kalerwe, Kampala. Nimeandika Kiswahili makusudi, maana wenzangu wengi sokoni husoma kurasa za Kiluganda, na sitaki waione hii kabla sijajua la kufanya.

Sisi wauzaji wa kando ya barabara tumefukuzwa mara nyingi hata sihesabu tena. Askari wa jiji wanakuja na lori, wanabeba mizigo yetu, na mheshimiwa tuliyemchagua hashiki simu. Safari hii kampeni zilipoanza tukasema huu ndio muda pekee wanasiasa wanatujua, tuwabane sasa hivi. Tukaanzisha umoja wa akina mama. Mimi nikawa katibu kwa sababu nina mwandiko mzuri na, niseme ukweli, napenda kuonekana.

Mbinu yetu ilikuwa moja tu. Hapa kwetu mwanamke humsalimu mkubwa kwa kupiga magoti, na mkubwa hawezi kumpita bila kumwitikia. Mimi sikulelewa hivyo, lakini ukiishi Kalerwe magoti yanazoea. Basi mgombea akishuka kwenye gari, sote tunapiga magoti njiani, kimya, mpaka atamke mbele ya simu zinazorekodi kwamba hatutafukuzwa kabla ya kupewa mahali pengine. Hawezi kutukanyaga, hawezi kutuzunguka. Wa kwanza aliahidi huku jasho likimtoka. Video ikasambaa, na kesho yake mpinzani wake akaja mwenyewe sokoni kuahidi zaidi. Banange, tulicheka mpaka machozi! Tuliona tumewashika pabaya.

Wa tatu, yule mwenye watu wazito nyuma yake, hakuahidi kitu. Alitutazama tu, akatabasamu, akamnong'oneza msaidizi wake, akarudi kwenye gari. Siku mbili baadaye msaidizi huyo, bwana mpole mwenye suti ya kijivu, akatualika kwenye ukumbi mmoja Kansanga tukutane na mheshimiwa. Kulikuwa na soda, sambusa na viti vya plastiki. Mimi nikakabidhiwa karatasi yenye nafasi ya jina kamili, simu, mtaa unaoishi na sahihi.

"Nyabo, bibi yangu, hii ni mahudhurio tu," aliniambia. "Mheshimiwa anataka kujua wageni wake."

Watu wa Kampala mtanielewa. Kwetu hakuna mkutano bila karatasi ya mahudhurio. Semina ya chanjo, kikao cha wazazi shuleni, kikundi cha akina mama, kote unaandika jina ndipo unapewa soda. Mkono unaandika wenyewe kabla kichwa hakijauliza. Niliizungusha kiti kwa kiti, na wasiojua kuandika nikawaandikia kwa ule mwandiko wangu mzuri. Nikamrudishia. Mheshimiwa hakutokea.

Wiki iliyofuata wanaume wawili walifika nyumbani kwa Mama Shamimu, mwenzetu anayeuza ndizi. Walimwita kwa jina lake la kitambulisho, jina ambalo hata mimi nililijua siku ile nilipomwandikia. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimuuliza watoto wake hutoka shule saa ngapi, wakaaga kwa heshima. Kisha wakaenda kwa mwingine, na mwingine. Wenzetu wawili wameshahama.

Sokoni hakuna aliyeikumbuka karatasi. Wote wanamshuku Akello, mama wa kaskazini anayeuza kabichi, kwa sababu mumewe ni polisi na wanaishi kambini. Wanasema ni nani mwingine angewaelekeza watu wale mpaka milangoni kwetu. Wamesogeza meza zao mbali na yake, hata salamu hawamwitikii. Nami nimekaa kimya. Mungu anisamehe, kuna siku nilitikisa kichwa pamoja nao.

"Hajati, bwana yangu ni polisi, ni kweli," Akello aliniambia juzi, macho mekundu. "Lakini mimi hata nyumba ya Mama Shamimu sijui iko wapi. Wewe ni katibu, wewe wanakusikia. Ongea nao, Hajati."

Nilimwambia nitaongea. Sijaongea.

Jana asubuhi yule bwana wa suti akanipigia, kwa sauti ileile ya upole. "Nyabo, asante kwa kazi yako. Jumamosi mheshimiwa anapita Kalerwe. Nakuambia kama dada yangu, wewe usikuje. Wale wengine waache wakuje." Akakata. Nimempigia tena na tena, hapatikani.

Kwa nini mimi peke yangu? Nikiwaambia wenzangu habari ya karatasi na simu hiyo, watasema niliwauza tangu mwanzo, na namba yake imo kwenye simu yangu, nani ataniamini? Umoja utavunjika, na mheshimiwa atapita barabara tupu bila kuulizwa swali. Nikinyamaza, wenzangu watapiga magoti Jumamosi mbele ya watu ambao sijui wamewapangia nini. Naogopa kweli.

Leo saa kumi tuna kikao. Ajenda ni mbili, nimeziandika mwenyewe: kumfukuza Akello, na kupanga nani atapiga magoti mstari wa mbele. Mama Shamimu ameshaomba nafasi ya kwanza, anasema hatishwi na mtu. Na mimi ndiye katibu, mimi ndiye nitakayesimama kutaja jina la aliyetusaliti.

Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nipeni neno kabla ya saa kumi. Nitaje jina la Akello, au langu?