Kona Niliyoitetea Mpaka Nikakwama Jenezani

Nimewahi kupiga kura nikiwa ndani ya jeneza. Mzima kabisa, nimekula na kushiba.

Usicheke bado.

Huku kitongojini kwetu Mdantsane, kikundi chetu cha wakazi wa vibanda kilipata viwanja, tukakubaliana kubuni nyumba zetu wenyewe. Msanifu wetu, dada Ayabonga, kazi yake ilikuwa kutusikiliza na kunyoosha mistari. Kwanza tulisimamisha nyumba ya mashuka yaliyotundikwa kama kuta, tukapitapita humo tukijifanya tunapika na kuoga. Halafu tukajenga moja ya matofali, ya mfano. Ikipita hiyo kwa kura, zote zinafuata.

Korido yenye kona ilikuwa wazo langu. Mimi ni fundi uashi, na mdomo ninao. Nikawaambia mgeni akiingia asione kitanda cha mtu. Wakanipigia makofi.

Mama Nofezile, mwenyekiti wetu, hakupiga. "Lwandile, marehemu atapita wapi?"

Kwetu maiti hurudi nyumbani, akalala chumba cha ndani usiku wa mwisho kabla ya kuzikwa. Nikamjibu atapita palepale anapopita mkewe. Watu wakacheka.

Siku ya kura ya mwisho, Mama Nofezile akaleta jeneza la kuazima tufanye majaribio. Nikajitosa kulala humo mwenyewe. Nikataka na kifuniko kifungwe kwa ufunguo, wasije wakasema nimechakachua.

Wakaninyanyua. Wakaingia. Wakafika konani.

Kwaa.

Mbele haliendi, nyuma haliendi. Wabebaji wa nyuma wako sebuleni, wa mbele wamefungiwa chumbani, na mimi katikati, kichwa chini, pua kwenye ubao, hewa naivuta kwenye ufa.

"Fungueni," nikasema.

Ufunguo hauonekani.

"Basi vunjeni ukuta."

Akajibu Mama Nofezile: "Ukuta wa kikundi hauvunjwi bila kikao. Kanuni hiyo aliitaka nani?"

Mimi.

Na kweli, wakakaa kikao. Nawasikia wakivuta viti. Mtu akauliza kama chai ipo. Mmoja akasema ufunguo usubiriwe. Mwingine, kona haina shida, shida ni Lwandile kunenepa. Jasho linaniingia machoni na mkono wa kulifuta haupandi. Mzaha ukaniisha mwilini.

Mikono ikanyooshwa. Sare.

"Maiti hajapiga kura," akasema mama. "Na maiti haongei. Gonga mara moja kona ibomolewe. Mara mbili ibaki, kwenye nyumba zote."

Sijawahi kugonga kitu kwa nguvu vile.

Mara moja.

Nyundo zikaanza kula ukuta niliouinua kwa mikono yangu, na kila pigo lilinipendeza. Waliponitua sebuleni, Mama Nofezile akaingiza mkono kwenye aproni, akatoa ufunguo, akafungua.

"Ulikuwa nao?"

"Muda wote."

"Ningekufa humo, mama."

"Nilikuwa nasikia unavyopumua." Akanipa maji. "Mume wangu alipitishwa dirishani pale kibandani, Lwandile. Kama godoro. Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyeshika miguu."

Nilikuwepo kweli. Nilikuwa nimesahau.

Leo nyumba zetu zote hazina kona. Wewe unayechorea watu nyumba, kabla hujapiga mstari, jilaze jenezani kwanza.

Na ufunguo mwachie mjane.