Mama wa Stelingi

Juzi mjukuu wangu kanitafutia kwenye simu yake filamu moja ya Kihindi niliyoiona utotoni, na safari hii ina tafsiri chini. Niliitazama mpaka mwisho, miwani imenishuka puani, nikingoja pahala pale pa mlango. Hapakuwepo. Mjukuu akaniuliza, bibi unalia nini na mambo yenyewe yamekwisha kwa harusi?

Nikusimulie wewe, labda utanielewa.

Kwetu Mkunazini, miaka ile baada ya Mapinduzi, senema ya wanawake ilikuwa mchana, na bibi yangu hakuikosa ila awe mgonjwa. Tulikwenda tukala bisi gizani, baibui lake linanukia udi, na stelingi wa kike, yule mchezaji mkuu wa filamu, akilia ukumbi mzima unalia naye. Kihindi hatukukijua. Bibi alijua maneno mawili matatu, yote ya mapenzi, na hilo halikumzuia kuwasimulia waliobaki nyumbani.

Hao walikuja uani kwetu baada ya alasiri, kila mmoja na kofia yake ya kushona, maana kofia ndizo zilizotulisha siku zile za foleni za mchele. Kati yao alikuwamo jirani yetu, mwanamke mrefu, mkimya, aliyeshona viua vidogo kuliko wote. Binti yake wa pekee aliondoka kisiwani kwa siri, alfajiri moja, kama walivyoondoka wengi. Ilisemwa kapitia ufukwe wa Mangapwani, kwa mashua. Watu wa serikali walikuja kumhoji mama, akaapa hakumwona akitoka, na jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani mwake. Lakini mtaa una mdomo. Wakanong'ona kwamba yule msichana hakumuaga mamake, kaondoka bila ya radhi, na asiye na radhi hafiki mbali. Jirani aliyasikia, akazidi kuinamia kofia yake.

Sasa siku bibi aliposimulia filamu hii, alifika pale stelingi anaposhuka garimoshi mji mgeni, kifurushi mkononi, na hatuambiwi katoka wapi.

"Kwani hana kwao?" mshonaji mmoja akauliza. "Hana mama?"

Bibi akaweka sindano chini. "Anaye. Siku ya kuondoka alikwenda mpaka mlangoni kwa mamake, kavua viatu, kaweka mkono juu ya ubao. Hakubisha. Angebisha mama angejua, na anayejua ndiye anayeulizwa. Basi kaubusu mlango, kenda zake."

Nilishangaa. Nilikuwako senemani na sikuona mlango wowote. Nikafungua kinywa niseme, bibi akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka.

Jirani akakata uzi, akaendelea kushona. Ila wiki iliyofuata, yeye ambaye hajatia mguu senemani tangu mwanawe aondoke, alivaa baibui akaenda peke yake. Bibi hakula chakula cha mchana siku hiyo.

"Njia ya mwongo fupi," aliniambia. "Leo ataona hapana mlango wala mama. Nitamtazama na uso gani mie?"

Jirani alirudi, akaketi pahala pake, akatoa kofia. 

"Umeiona?" bibi akauliza.

"Nimeiona. Umesimulia vizuri, shoga yangu, lakini kuna pahala umeparuka. Yule mama hakuwa kalala. Alikuwa macho, nyuma ya mlango ule ule, mkono juu ya komeo. Anamsikia mwanawe anavyopumua. Hakufungua, kwa sababu angefungua angemwona, na wakija kumuuliza aape nini? Basi akamwambia moyoni: nenda mwanangu, radhi nshakupa."

Hapana sindano iliyokwenda. Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kweli," akasema. "Pale nilisahau."

Tangu siku ile sikumsikia tena mtu wa mtaani akimsema yule msichana. Na mpaka leo sijui kama bibi alibuni au alikuwa na la kujua, wala sikuthubutu kumuuliza.

Bibi kafa, jirani kafa, uani pale pamegeuzwa duka la vinyago, na ule ukumbi wa senema hauonyeshi tena kitu. Binti hakurudi. Akiwa hai ni kizee kama mimi, na huenda naye ana mjukuu wa kumtafutia filamu. Hilo ndilo lililoniliza. Mama mtu alikwenda kaburini anajua kwamba mwanawe alisimama mlangoni. Mwana mtu, popote alipo, anadhani mpaka leo mamake alikuwa kalala.